Waya Uliopita Makaburini

Mama yangu hatulii na kitu mpaka ajue kinaishia wapi. Bomba la maji lilipopitishwa uani kwetu, hapa Mtanda, alilifuata kwa miguu mpaka kwenye tangi, akarudi na vumbi magotini na uso wa mtu aliyeridhika. Kwa hiyo siku hospitali ninayofanyia kazi ilipoanza kuvuta waya wake yenyewe wa mawasiliano, niliporudi nyumbani nilikuta swali linanisubiri pamoja na chai.

"Unatoka hapo kwenu, sawa. Unakwenda mpaka wapi?"

"Mpaka kwenye wingu, mama."

"Nimekuuliza kistaarabu."

Mimi ndiye mtunza kompyuta wa hospitali hiyo. Udadisi nimeurithi kwake, na mdomo vilevile, kwa hiyo sikumlaumu. Nikavuta kigoda nikamweleza tangu mwanzo. Tuna mashine inayompiga mtu picha za ndani, vipande kwa vipande, lakini bingwa wa kuzisoma yuko Dar es Salaam. Hapo zamani picha zilisafiri kwa basi, kwenye diski ndani ya bahasha. Moja ilisahaulika Nangurukuru, pale abiria wanaposhuka kula, na nilipokwenda kuitafuta baada ya siku mbili niliikuta kwa mama ntilie, amefunikia jagi la juisi. Alinirudishia bila kinyongo, akaniambia ni kifuniko kizuri sana.

Baadaye tukaanza kuzituma kwa intaneti ya kawaida. Hiyo nayo ni ya mji mzima. Wanafunzi wakitoka shule na kila mtu akifungua simu yake, picha zetu zilisimama pale pale. Mwanamke mmoja wa Kiswere alikaa kwenye benchi la korido siku tatu akisubiri majibu ya kichwa chake, na kila nilipopita aliniuliza kwa upole kama picha yake bado iko njiani. Nilimjibu bado, nikaharakisha hatua. Nilikuwa naona aibu kama vile ni mimi niliyeikalia.

Ndiyo maana waya mpya. "Intaneti ya kawaida ni barabara kuu, mama, anapita kila mwenye gari. Huu ni kama kile kinjia chetu cha shamba, kinatoka mlangoni kinaishia kwenye mikorosho yetu. Hapiti mwingine."

"Na huko kwenye mikorosho kuna nini?"

"Jumba kubwa lenye baridi, limejaa kompyuta za kukodi. Tunaweka picha zetu humo, bingwa anazichukua. Ndilo wanaloliita wingu."

"Si waliite jumba."

Nikacheka. Lakini mama hakuwa anauliza kwa kujifurahisha tu. Alikuwa amesikia msikitini, kwa wanawake wenzake, kwamba waya huo utapita makaburini, na pale makaburini mama ana nafasi yake.

Inabidi nieleze palivyo. Makaburi ya mtaa wetu yako kando ya barabara ya vumbi inayokwenda hospitali. Barabara iko upande wa kaskazini, na kaskazini kwetu ndiko kibla. Baba yangu amelala mstari wa pili kutoka barabarani. Alipofariki, mama aliwaomba wazee wa msikiti wamwachie ile nafasi ya mstari wa mbele, kati ya baba na ua wa minyaa, na wakamkubalia. Tangu hapo, kila Ijumaa akipita barabarani, husimama nje ya minyaa, huangalia jiwe la baba, humsomea Fatiha, kisha huangalia ile nafasi tupu kama mtu anayeangalia kiti alichowekewa. Mambo mengine yote ya dunia hii unaweza kubishana naye. Hilo la kulala jirani na baba, hapana.

Upande wa pili wa barabara kuna nyumba na mtaro wa mawe, hakuna pa kuchimba. Kwa hiyo wazee wa msikiti waliruhusu waya upite ndani kidogo ya ua wa minyaa, kwa sharti moja, usiguse kaburi la mtu wala nafasi iliyoahidiwa. Mafundi walitaka mtu wa kuwaonyesha mpaka. Nikajitolea mimi. Nani tena, na mimi najijua kwa kujipiga kifua.

Zile siku za mafundi zilikuwa raha yangu. Nilikuwa nikimaliza kazi nawafuata mtaroni kama kuku anayemfuata mwenye pumba. Nilimng'ang'ania fundi mkuu mpaka akanifungulia kipande cha mkongo nikaona. Kwa nje kuna bomba la rangi ya machungwa. Ndani ya bomba kuna waya mweusi. Ndani ya waya kuna nyuzi za kioo, nyembamba kuliko unywele wangu, na mwanga ndio unaokimbia humo. Nilimuuliza zetu ni zipi. Akanionyesha mbili, moja ya kwenda na moja ya kurudi.

"Na hizi nyingine?"

"Za watu wengine."

"Mlituambia ni njia yetu peke yetu."

"Dada, nyumba yako si ya peke yako? Mbona iko mtaani na za wenzio?"

Nikamrudishia kipande chake cha waya.

Kwa habari ya makaburi nilimwendea baba yangu mdogo, mdogo wake baba, ambaye ameshika jembe la kaburi tangu ujana wake. Mtaa mzima ukifiwa, yeye ndiye anayetafutwa. Nikamkuta kwake, nikamwamkia, nikatoa daftari.

"Baba, kaburi lina upana gani?"

"Dhiraa moja na nusu. Mtu mnene, mbili."

"Na la mama litaanzia wapi?"

"Kutoka jiwe la kaka, ruka hatua mbili. Hapo ndipo shemeji anaanzia."

"Mbona hatua mbili zote hizo?"

"Ndivyo tunavyochimba."

Mimi ninayeuliza mpaka idadi ya nyuzi ndani ya waya, swali hilo nililiachia hapo. Nilidhani ni heshima tu, kuachiana nafasi. Tena ni mambo ya kaburi la mama yangu, anaandika mtoto wake kwenye daftari. Yeye aliingia makaburini na kamba, mimi nikabaki nje ya minyaa, maana kwetu wanawake hatuingii, nikaandika anachonitajia. Hatua mbili, kisha kaburi, dhiraa mbili kwa tahadhari, kisha nusu hatua zaidi ya kwangu mwenyewe. Ikabaki nafasi ya kutosha bomba, bila kumgusa mtu. Nikamwelekeza, akatia vigingi. Mafundi wakachimba mtaro wa kufika kiunoni, wakalaza bomba, wakafukia. Nilimwambia mama nafasi yake iko salama, nimeipima mwenyewe.

Waya ulipowashwa, picha iliyokuwa inachukua nusu siku ilipita kabla sijamaliza kukaa vizuri kwenye kiti. Nilituma ya pili kwa sababu sikuiamini ya kwanza. Hata mama alipata sehemu yake. Goti lilimsumbua, wakampiga picha, nami nikamwita kwenye chumba changu aone. Majibu yalirudi akiwa bado anafunga kandambili zake.

"Kwa hiyo goti langu limefika Dar es Salaam na kurudi," alisema, "na mimi sijawahi kuvuka Rufiji."

Alilisimulia mtaa mzima. Kwa wiki nzima kila aliyekuja kumjulia hali aliambiwa safari ya goti.

Kisha akafariki jirani yetu, mama mmoja mshonaji, Mungu amrehemu. Asubuhi hiyo nilikuwa kazini, nimepanga kwenda msibani baada ya adhuhuri. Kabla ya hapo taa ya kijani kwenye kisanduku cha waya wetu, inayoonyesha kwamba waya unafanya kazi, ikawa nyekundu. Picha zikahamia zenyewe kwenye intaneti ya kawaida, zikaanza kujikokota. Nikampigia fundi mkuu. Ana chombo kinachotuma mwanga kwenye uzi na kukwambia umekatikia umbali gani, akanitajia mita. Nikazihesabu kwenye ramani yangu kutoka ukuta wa hospitali, mtaro, kona, duka la vifaa, minyaa. Nikahesabu tena nikitumaini nimekosea.

Nilipofika, wanaume walikuwa wamesimama wakizunguka shimo, majembe chini. Shimo lilikuwa mstari wa mbele, hatua chache kutoka nafasi ya mama. Baba mdogo akanijia hadi kwenye minyaa, ameshika kipande cha bomba la rangi ya machungwa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Hiki ni chako?"

Nikamwambia haiwezekani, nimepima. Shimo lao liko mbali na waya, naliona kwa macho. Akachuchumaa upande wake wa ua, akaanza kunichorea chini kwa kijiti. Hapa mdomo wa kaburi. Unachimba mpaka kifuani. Ukifika chini, hulazi maiti hapo katikati. Unachimba kwa ubavuni, kuelekea kibla, kijichumba cha kumtosha mtu. Huo ndio mwanandani. Maiti analazwa humo, unaziba kwa mbao, ndipo unafukia.

Neno hilo nalijua tangu chuo cha Kurani. Nilikariri nikiwa na meno ya utotoni kwamba maiti hulazwa katika mwanandani. Lakini sikuwahi kujiuliza unachimbwa upande gani wala unakwenda umbali gani, kwa sababu sisi wanawake tunaosha, tunakafini, tunalia, tunabaki nyumbani. Shimo lenyewe hatulioni. Na wanaume wameliona mara nyingi mno hata hawakumbuki kwamba kuna asiyelijua. Juu nilipima sawasawa. Chini, kila kaburi la mstari wa mbele linajipenyeza kuelekea kibla, yaani barabarani, yaani kwenye waya wangu.

"Na zile hatua mbili?" nikamuuliza.

"Mwanandani wa kaka uko hapo. Ungeanza karibu ungembomolea."

"Mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza upana wa kaburi, nikakupa. Hukuniuliza maiti analala wapi."

Nilimkasirikia labda nusu saa. Nilijikasirikia mimi muda mrefu zaidi. Mshonaji hakuwa na nafasi ya ahadi, kwa hiyo shimo lilifukiwa, akachimbiwa mstari mwingine, akazikwa baada ya alasiri. Kesho yake mafundi wakaunga uzi, taa ikarudi kijani. Kwa watu wote jambo liliisha. Kwangu ndiyo kwanza linaanza, kwa sababu sasa nilijua bomba liko wapi, na liko pale pale ambapo mama yangu atalazwa.

Nilikwenda kwa mkubwa wangu wa kazi kuomba bomba lisogezwe. Akanisikiliza vizuri, ni mtu mwema, kisha akauliza mzazi wangu anaumwa nini.

"Haumwi. Mzima wa afya."

"Alhamdulillahi. Basi tuna muda."

Nilitoka nikiwa nachemka. Lakini nikiwa mkweli, sikumbishia kama ninavyojua kubisha. Fundi mkuu alishaniambia kusogeza kunataka siku kadhaa bila waya, na kila nilipofikiria hizo siku nilimwona yule mwanamke wa Kiswere kwenye benchi. Nilitaka mama apate mahali pake na nilitaka taa ibaki kijani, na sikujua kuvitaka vyote viwili kunanifanya mtoto wa namna gani.

Nikaanza kumkwepa mama. Nikifika nyumbani naingia jikoni moja kwa moja, au najifanya nina simu. Yeye si mtu wa kupigwa chenga.

"Siku hizi huniambii habari za waya wako," alisema siku moja. "Umekufa?"

"Upo, mama."

"Basi wewe ndiye una lako."

Nikarudi kwa baba mdogo. Safari hii niliuliza kama mtu aliyefundishika: maiti anaweza kulala wapi pengine? Alifikiri akijikuna kidevu. Akasema ardhi ikiwa tifutifu, ubavu hausimami, unabomoka. Huko Kiswere kwenye mchanga wanachimba mwanandani katikati, chini kabisa ya kaburi, wanafunika kwa mbao juu. Ni halali, amechimba hivyo mara kadhaa. Kaburi la namna hiyo halitoki nje ya upana wake, haliwezi kufika kwenye bomba.

"Lakini mwambie shemeji wewe," akaongeza. "Mimi simwambii."

Nikamwambia siku ileile, baada ya alasiri. Alikuwa amekaa mkekani anamenya ngozi za korosho alizokaanga, ungo mbele yake. Nikamweleza yote bila kujipamba: kwamba nilipima juu nikasahau chini, kwamba bomba limepita alipowekewa.

Aliacha kumenya.

"Nilikuuliza unakwenda mpaka wapi," akasema. "Ukanipeleka mawinguni huko. Hukuniambia unapita wapi."

"Nisamehe, mama."

"Nimekaa na baba yako tangu sijajua kupika ugali usio na madonge. Hajawahi kulala mbali na mimi, ila msimu wa ufuta alipokuwa analinda shamba na nguruwe. Sasa mnataka nikalale wapi, kwenye mstari wa wageni?"

Nikasema hapana, pale pale. Nikachukua ungo wake nikausawazisha. Njiti ya ufagio nikailaza juu, hii ni bomba. Nikaweka ganda la korosho, hili ni jiwe la baba. Kisha korosho yenyewe, nzima, nikaiweka si kwenye ganda bali pembeni yake, kuelekea njiti.

"Huyo nani?"

"Baba."

"Mbona umemtoa kwenye jiwe lake?"

"Kwa sababu hayuko chini ya jiwe, mama. Amelazwa kwenye mwanandani, upande wa kibla. Yuko huku."

Mama akaegemea mbele. Yeye pia hajawahi kuona ndani ya kaburi, na amezika wazazi, mume na watoto wawili. "Upande wangu," alisema.

"Upande wako."

Nikaweka korosho ya pili. Nikamwonyesha kwanza ambavyo ingekuwa bila bomba: kaburi lake hapa, yeye mwenyewe kule ubavuni, karibu na barabara. Kisha nikamwonyesha namna ya baba mdogo, mwanandani wa katikati, nikairudisha korosho nyuma kidogo. Nikaanza kumweleza kwamba wa katikati ni halali, kwamba Kiswere wanafanya hivyo, kwamba baba mdogo mwenyewe amekubali. Nilikuwa nasema haraka haraka, natetea kesi.

"Hebu nyamaza," mama akasema. "Rudisha ilivyokuwa."

Nikaisogeza korosho hadi karibu na njiti. Akaingiza vidole vyake kati ya korosho mbili, kimoja, viwili, vitatu, vinne. Akaniashiria niirudishe katikati. Akaingiza tena. Vikaingia viwili.

Akaviacha hapo hapo.

"Kumbe bila hili bomba lenu ningelala kule."

"Ndiyo."

"Mbali naye zaidi."

"Kidogo tu, mama."

"Kidogo cha nani?" alisema, na macho yake yalikuwa yamejaa. "Mpigie shemeji yangu. Sasa hivi, nikiwa na masikio yangu."

Nikapiga, nikaweka sauti kubwa, nikaishika simu juu ya ungo. Baba mdogo alipoitika, mama hakungoja salamu.

"Shemeji, unichimbie katikati."

Nadhani baba mdogo alikuwa amejiandaa kwa ugomvi. "Katikati, shemeji," alisema. "Inshallah."

"Na kama utanitangulia wewe, uwe umeshamwambia mwenzio wa jembe."

"Nitamwambia."

Mama akanirudishia simu. Aliziangalia zile korosho kwa muda, hakuzigusa. Kisha akaniambia nisimsumbue tena mkubwa wangu wa kazi kwa habari ya bomba, liachwe lilipo.